Somo la Kukongoa Vitu

Jumamosi, 11 Agosti 2018

Baridi asubuhi, umande mzito malishoni. Farasi majike wamekamuliwa mara mbili kabla ya chai.

Sabira, mke wangu, kaniletea ujumbe. Si wake – ni wa mkaza mwana wetu Burulay, ambaye kwa adabu haniombi jambo uso kwa uso. Anataka nimfundishe Kiingereza, mimi niliyekwisha staafu ualimu! Nikauliza kwa nini. Sabira kaniambia nisijifanye sijui.

Najua. Mwanangu Ular amepata kazi ya udereva Urusi. Basi la vijana linaondoka Bishkek Ijumaa ya tarehe 24. Akilikosa, nafasi yake anapewa mwingine. Mwaka jana alikwenda vilevile. Burulay ana miaka miwili ya ndoa, na mume kamwona majira mawili.

Sasa chama cha wapokea wageni kule mjini kinatafuta familia za huku milimani za kulaza watalii. Bibi wao atapanda huku Jumamosi ya tarehe 25 kusikiliza Kiingereza cha wenye nyumba. Akiridhika, wageni watakuja kila kiangazi, na Ular hatakuwa na sababu ya kwenda. Ndivyo anavyoamini Burulay. Ubaya ni kwamba basi linamtangulia bibi kwa siku moja.

Ular mwenyewe haamini. Anasema mgeni wa siku mbili hawezi kulisha watu mwaka mzima. Na kwamba rika lake lote limeshaondoka, amebaki yeye na mbwa.

Nimekubali kufundisha. Nimepeleka masharti kupitia Sabira. Somo halirukwi. Sentensi iwe ya kweli – asiniletee uongo eti kwa sababu sarufi yake ni nzuri. Na asicheke.

Sabira kasema sharti la tatu litamshinda yeye, si Burulay.

Jumapili, 12 Agosti

Suala la mahali pa kukaa limechukua asubuhi nzima. Mkaza mwana hakai mkabala na baba mkwe akapaza sauti. Haifai. Na Kiingereza hakifundishiki kwa kunong'ona. Mwisho tumeafikiana: yeye ndani ya hema, mimi nje, kigoda changu kimegusa ukuta wa sufu. Sauti inapita vizuri kwenye sufu. Mbwa ananitazama kama mtu aliyerukwa na akili, nikiuliza maswali ukuta.

Msichana ana adabu kupita kiasi. Mimi naitwa Tezekbay. Kabla yangu wazazi wangu walizika watoto, basi nilipozaliwa wakanipa jina la samadi kavu, ile ya kuwashia moto, ili mauti yakinusa yapite. Na mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe. Matokeo yake hawezi kutaja samadi! Leo Ular kapiga kelele, "Burulay, leta samadi, moto unazimika!" Naye kajibu, "Namleta mheshimiwa!"

Sabira kalazimika kutoka nje.

Nimempima. Maneno anayo, aliyapata shuleni. Nyakati za vitenzi zinayumba. Nimeamua tuanze na vitenzi vya kazi, kwa kuwa watalii wanapenda kuona hema likishushwa na kusimamishwa. Wiki hii: *take apart*. Wiki ijayo: *put together*.

Jumatatu, 13 Agosti

Somo la kwanza. Nimelieleza hivi, nikiwa nimefumba macho ili nisione mbwa.

Kuvunja ni kazi ya mjinga. Kubomoa ni kazi ya adui. Kitenzi chetu si hivyo. *Take apart* ni kukongoa: kutoa kipande baada ya kipande, kila kimoja kikiwa kizima, kwa namna ambayo mwenye akili anaweza kukirudisha. Ukitumia shoka, si kitenzi hiki. Ukitumia bisbisi, ni hiki.

Matumizi. Kitendwa kinaweza kukaa mwisho, au katikati ya maneno mawili. Lakini kikiwa kijina kifupi tu, mahali pake ni katikati, hakuna mjadala. Pia hutumika kwa watu: kumkongoa mtu ni kumshinda vibaya, katika mchezo au maneno. Nimemwambia maana hiyo asiishughulikie.

Kisha sauti yake, "Nimeelewa, baba."

Kazi ya nyumbani: kila siku sentensi moja, wakati timilifu, kuhusu kitu alichokikongoa mwenyewe kwa mikono yake. Ya kweli!

Jumanne, 14 Agosti

Sentensi ya kwanza. Kwa Kiingereza safi, bila kusita: amekikongoa kile chombo cha kutenganishia malai.

Kosa halikuwepo. Hata moja! Nikasema vizuri sana. Nikaenda zangu kutazama farasi nikiwa na furaha.

Niliporudi, Sabira alikuwa amesimama mbele ya mashine yake. Au mahali ilipokuwa. Visahani vyake vyote vimepangwa kwenye kitambaa cheupe, kidogo hadi kikubwa, na mpini, na gurudumu, na kila skrubu imewekwa kwenye kibonye chake. Pazuri kama duka la sonara. Ndoo mbili za maziwa zikisubiri.

Sabira kamwambia Burulay airudishe. Burulay kainamisha kichwa. Kasema kwa upole kwamba angependa sana, mama, lakini kurudisha ni somo la wiki ijayo, na baba alisema somo halirukwi.

Sabira kanigeukia.

Nimemwambia msichana yuko sahihi.

Jioni tumekula mkate mkavu. Sabira kanieleza maana ile ya pili ya kitenzi, ile ya watu, bila kujua neno lake.

Jumatano, 15 Agosti

Sentensi ya leo: amekikongoa kitanda cha mama. Timilifu. Kitendwa katikati. Sina la kusahihisha.

Usiku huu tunalala chini.

Baba yake Burulay alikuwa fundi wa trekta katika shamba la ushirika. Binti amekua na spana mfukoni. Nilikuwa nimelisahau hilo nilipotunga sharti la ukweli. Lakini sharti ni sharti. Mwalimu akilegeza moja, kesho anaulizwa kama nukta ni ya lazima.

Alhamisi, 16 Agosti

Jiko. Bomba lake, mlango, wavu, miguu. Mheshimiwa amebaki kwenye gunia, hana pa kuwaka.

Chai tumepikia nje kwenye mawe. Ular kaniuliza kama somo hili lina mwisho. Nikamwambia kila somo lina wiki yake. Kasema, "Baba, ikifika Jumatatu hatutakuwa na nyumba, tutakuwa na orodha." Amezoea kudhihaki. Hilo ni la ukoo wa mama yake.

Ijumaa, 17 Agosti

Redio yangu!

Nilipaswa kukasirika. Lakini alitumia kivumishi cha kumilikisha mahali pake hasa, na akaongeza kielezi cha uangalifu. Amesema ameikongoa redio ya baba kwa uangalifu. Wanafunzi wangu wa darasa la kumi na moja walinipa sentensi kama hiyo mara ngapi? Nimempa alama tano kati ya tano.

Sina habari za dunia. Huenda dunia inaendelea.

Jumamosi, 18 Agosti

Habari zimeenea bondeni. Jirani yetu Dooronbek kaja na jenereta yake imefungwa nyuma ya gari. Huyu ndiye mwenye kambi ng'ambo ya kijito, mwenye taa za rangi na mashine ya kuimbia. Kila jioni mlima mzima unamsikia akilia kwa sababu ya msichana aliyemwacha mwaka themanini na tatu. Sauti hana. Msichana alifanya vyema.

"Mwalimu," kasema, "nasikia mkaza mwana wako anafungua vitu. Hii inakohoa. Aitazame."

Burulay kaitazama. Kufika adhuhuri ilikuwa imetandazwa majanini yote, inang'aa, imepakwa mafuta. Kampa Dooronbek kipande kilichokuwa kikisumbua, kimesafishwa. Dooronbek kafurahi mno.

"Haya, binti yangu, sasa irudishe nikaimbe."

Burulay kainama. "Jumatatu, mjomba."

"Jumatatu? Mimi nina wageni leo!"

"Ni somo la Jumatatu."

Dooronbek kanitazama. Nikamweleza mpango wa masomo. Kanieleza maoni yake kuhusu mpango wa masomo. Nikamwambia maoni yana sarufi mbovu.

"Huyu ni fundi au ni panya?" kauliza.

"Ni mwanafunzi," nikasema.

Kaondoka na jenereta yake ndani ya magunia mawili ya unga.

Jioni – kimya! Kijito, farasi, basi. Sijasikia ukimya huu tangu Juni. Nitalala usingizi mzuri, japo chini.

Jumapili, 19 Agosti

Ni jioni. Bado sijatulia. Nitaandika kwa utaratibu.

Nikaketi kwenye kigoda. Nikasema haya, sentensi. Sentensi ikachelewa. Nikadhani ameishiwa vitu.

Kisha kasema. Ameikongoa injini ya gari la Ular.

Nikauliza, kwa Kiingereza, kama sentensi ni ya kweli.

Kasema ni ya kweli.

Nimekwenda nyuma ya hema. Gari letu la zamani la Kirusi limefunguliwa boneti. Ndani mna shimo. Kila kitu kiko juu ya mkeka wa sufu: kabureta, plagi nne zimesimama kama askari, rejeta, mipira, nati kwa ukubwa wake. Alikuwa ameamka kabla ya ng'ombe.

Ni gari ambalo Ular alikuwa aende nalo Bishkek Alhamisi.

Ular kaja akikimbia, sabuni ya kunyolea shavu moja. Mimi nilikwisha ingia hemani na Burulay ametoka; niliyasikia yote. Sufu inapitisha pande zote mbili.

"Umelifanyia nini gari?"

"Kazi ya nyumbani."

"Kazi ya nyumbani! Burulay!"

"Muulize baba. Kanipa tano kwa redio."

"Nirudishie sasa hivi."

"Kesho ndiyo somo lenyewe."

"Wewe mwanamke, unajua fika nina safari!"

"Najua," kasema. "Mwaka jana pia nilijua."

Nikamsikia Ular akisema, kwa sauti ya chini, kwamba anakwenda kwa ajili yake. Naye kamjibu kwamba ajabu, maana kila akiondoka kwa ajili yake, yeye ndiye anayebaki peke yake na mbuzi.

Niliondoka hapo. Kusikiliza mume na mke haifai. Nilikwisha sikia.

Ular kajaribu mwenyewe mchana kutwa. Dereva mzuri, fundi hapana. Ameunga, amegeuza ufunguo, gari limesema neno moja baya na kunyamaza. Mkononi mwake zimebaki nati za ziada. Kaja kwangu na kunionyesha kana kwamba mimi ndiye niliyezizaa.

"Baba. Kesho asubuhi. Mapema."

Nimemwambia somo huanza baada ya chai.

Jumatatu, 20 Agosti

Baada ya chai. Siku ya *put together*.

Walikuwepo wote. Sabira na ndoo za maziwa. Dooronbek na magunia yake mawili, amekuja alfajiri asije akapitwa. Ular amekaa juu ya tairi. Sijawahi kuwa na darasa lenye hamu kama hili, hata mwaka wa mtihani wa serikali.

Nikasafisha koo. Lakini kabla sijafungua mdomo, Burulay kaomba ruhusa atoe sentensi ya mwisho ya wiki iliyopita. Nikampa.

Kaisema polepole. Kwamba wakiliunga gari tena, mumewe ataondoka.

Nikaweka sikio kwenye sufu.

Sentensi ya sharti! Sehemu mbili, kila moja na wakati wake, mkato mahali pake – mkato niliusikia. Na kitenzi alichokitumia ndicho cha wiki hii. Sijamfundisha. Alikuwa nacho siku zote, amekikalia kama kuku.

Nikatafuta kosa. Nikarudia sentensi kichwani mbele na nyuma. Nikapima sharti langu mwenyewe: je, ni ya kweli? Nikamtazama Ular juu ya tairi lake, anachezea zile nati. Ilikuwa ya kweli.

"Haya, mwalimu!" Dooronbek kapiga kelele. "Ukuta umesemaje?"

Nikasimama. Nikatangaza kwamba mwanafunzi bado hajaiva katika somo la kwanza. Kuna udhaifu. Tutafanya wiki ya marudio.

Kelele zilizofuata siziandiki.

Ular kauliza udhaifu gani. Nikasema ni wa kitaalamu. Dooronbek kaapa kwamba atanipeleka kwa wazee wa malisho. Mimi ni mmoja wao, na nikamkumbusha.

Sabira kaweka ndoo chini, kanitazama kitambo. Kisha kaenda akanimiminia kumisi, yale maziwa ya farasi yaliyochachuka, bakuli kubwa, ile ya wageni.

Jumanne, 21 Agosti

Idi. Kondoo, swala, majirani. Hakuna somo.

Nyama tumepika kwa Dooronbek kwa sababu ya jiko. Hana kinyongo cha muda mrefu. Bila umeme wageni wake wamekaa nje wakitazama nyota, na wawili wameomba waongezewe siku. Anasema hilo nisimwambie mtu.

Lakini kasema na jingine: Alhamisi asubuhi anashuka Bishkek kuwarudisha wageni. Kiti kimoja kipo wazi. Amekwisha mwambia Ular.

"Kwa nini umemwambia?" nikauliza.

"Mwanao kaniomba! Nimkatalie siku ya Idi?"

Burulay alikuwa akigawa mkate. Mkono ulisimama hewani. Kisha ukaendelea.

Jumatano, 22 Agosti

Marudio. Nimeketi kwenye kigoda, nimesema haya, na sauti iliyotoka ndani haikuwa ya Burulay.

Ilikuwa ya Sabira! Miaka arobaini na moja ya ndoa, na sijawahi kumsikia akisema neno la Kiingereza isipokuwa "stop", kwa dereva. Kasema – nanukuu maana, kwa kuwa maneno yalikuja yakiwa yamejeruhiwa – mimi kongoa mkoba Ular.

Nikauliza kwa nini hatumii wakati timilifu.

Kasema nisimletee ushenzi, Burulay amemfundisha asubuhi hii tu.

Nimekwenda kuona. Mkoba wa safari wa Ular, ule mzuri, umefumuliwa mshono kwa mshono. Zipu peke yake, mikanda peke yake, vitambaa vimekunjwa. Na koti lake la baridi hivyohivyo: mikono miwili imelala kando kama ya mtu aliyechoka. Hakuna uzi uliokatwa vibaya. Nimetafakari kama kitenzi kinaruhusu. Kinaruhusu. Nguo hukongoleka, mradi mshono ufunguliwe na si kuchanwa.

Nilimsahihisha mpangilio wa maneno. Karudia mara ya pili vizuri. Nikampa nne.

"Na hiyo moja imekwenda wapi?"

"Kichwa kigumu kimeila."

"Basi hicho ni chako," kasema.

Ular kaja saa ya kukamua. Hakupiga kelele safari hii. Kaokota mkono wa koti, kauweka chini. Kasema atabebea vitu vyake kwenye gunia la unga, hakuna neno. Atakwenda amejifunga blanketi. "Mtanikongoa na mimi, baba? Maana ni mimi tu niliyebaki."

Burulay alikuwa kwa farasi, mgongo umetugeukia. Hakugeuka.

Nikauokota ule mkono wa koti nikaupanga kando ya mwenzake.

Alhamisi, 23 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa juu ya sufu iliyoviringishwa, nje, au ndani, haieleweki tena. Nitajitahidi mwandiko.

Niliamka jua likichomoza. Nilikuwa nimekwisha amua. Kwetu mtoto wa kiume hafungi safari huku hema la baba yake liko chini. Ni aibu ya ukoo mzima. Hata Dooronbek hangempakia. Kwa hiyo hema lazima lishuke. Na kwa kuwa ni wiki ya marudio, na mwalimu hatakiwi kuagiza asilolitenda, nilitaka nilishushe mwenyewe.

Nilimwamsha Sabira. Hakuuliza. Alikuwa ameshavaa! Burulay naye. Wakaanza na kamba za nje, wakavua sufu za paa, wakavua za ukutani, kimyakimya, wanaviringisha kama watu wanaoiba nyumba yao. Ular alikuwa amelala kwenye gari lake, kwenye kiti cha nyuma, gunia chini ya kichwa.

Ikabaki mifupa. Kuta za kimia, fito za paa zimesimama mshazari kama mbavu, na juu kabisa tunduk, lile duara la mbao ambamo ncha zote za fito zimechomekwa. La babu yangu. Limekuwa jeusi kwa moshi wa watu waliokwisha kufa.

Sasa. Mtu mmoja mwenye nguvu hushika tunduk kwa mti wa panda, katikati, huku wengine wakichomoa fito pande zote kwa usawa. Hili nalijua. Nimeliona maisha yangu yote. Ila nilijawa na ari. Nilichomoa upande wangu. Nikachomoa tena. Nilikuwa nikisema sentensi kwa sauti, moja kwa kila ufito, na zilikuwa nzuri.

Sabira kapiga ukelele.

Tunduk imeinama. Upande mmoja hauna fito, upande wa pili unazo zote, na duara la babu linaning'inia juu ya masanduku ya mahari ya Burulay kama kofia ya mlevi. Nikajaribu kurudisha ufito. Ukatoka mwingine!

Ndipo Ular akaruka kutoka garini, gunia mgongoni, kiatu kimoja. Kaingia chini, kanyakua mti wa panda, kausimika chini ya duara, kalisukuma juu. Likasimama.

Na hivyo ndivyo tulivyo sasa.

Ular yuko katikati ya duara la kuta, miguu imetanuka, mikono juu, anga yote juu yake. Akiachia, tunduk inavunjika. Akishusha, fito za upande wa pili zitafyatuka na kumpiga Sabira, aliyezishika kwa mikono miwili na kidevu. Haiwezi kushuka wala kupanda mpaka mtu achomeke fito zilizotoka. Na mwenye kujua upi unakwenda wapi ni Burulay, kwa kuwa ndiye aliyezipanga majanini.

Burulay amesimama pale na ufito mkononi. Ananitazama. Usoni kabisa! Mara ya kwanza tangu aolewe. Anasubiri somo la kurudisha.

Gari la Dooronbek limefika. Limejaa wageni. Anapiga honi.

"Ular! Twende, kijana, njia ndefu!"

"Nitakwendaje, mjomba? Huoni?"

"Naona! Lakini sielewi ninachokiona!"

Wageni wameshuka. Wanapiga picha. Mwanamke mmoja mrefu kamwuliza Burulay kwa Kiingereza tunafanya nini hapa. Burulay kamjibu. Kamweleza kila kipande, kwa jina na kazi yake, kwamba hema hukongolewa namna hii na namna ile, lakini kwa kawaida si na baba mkwe. Hakukwama hata mahali pamoja. Vijina vifupi vyote katikati! Yule mwanamke kacheka, kauliza kama wanaweza kubaki hadi hema lisimame. Dooronbek kazima injini. Anasema atasubiri kidogo, lakini kidogo kweli, maana Bishkek ni mbali.

Ular amelitupa gunia. Sikumwona alivyofanya, mikono yake yote iko juu. Nadhani amelitikisa tu hadi likamtoka mgongoni. Anamtazama mkewe akizungumza na wageni kama mtu aliyekuta chumba asichokijua katika nyumba yake.

"Baba," anasema sasa hivi. "Fundisha hilo somo."

Nimemwambia lazima kwanza tupitie upya lililotangulia, tangu mwanzo, na mifano.

"Baba! Mikono!"

Nimemwuliza mikono imefanya nini. Neno moja si sentensi.

Anafikiri, na kile kidogo cha Dooronbek kinakwisha.